Kisa cha dada aliyebaki na taa machoni

"Daktari, hio taa yako bado naiona."

Taa nilikuwa nimeizima kitambo. Ni ile ya mashine ya kuangalia jicho kwa karibu, mwanga mwembamba umesimama kama ufito, na nilikuwa nimeshageuka naandika kadi yake, jina, umri, kazi, nikauliza anakaa wapi akasema Zimmerman, tukapiga stori kidogo ya jam ya Thika Road, alafu ndio akasema hivyo. Nikamwambia ni kawaida, kila mtu huiona. Akasema sawa. Hapo ndipo nilianza kukosea, kwa hivyo wacha nieleze kisa chote venye kilienda na mahali nilikipeleka vibaya, juu watu wengi wanakuja na hii shida ya picha kubaki machoni siku hizi na wote wanaambiwa ni laptopu.

Kwanza mimi si daktari. Mimi ni mtu wa kupima macho na kutengeneza miwani, niko ghorofa ya pili kwa jengo moja la zamani karibu na Tom Mboya Street, chini yangu kuna wauza viatu na spika yao ya siku nzima. Wateja hutuita daktari, tumezoea. Mwenye kisa amenikubalia niandike na vitu vya kumtambulisha nimevibadilisha.

Alikuja na dadake mkubwa, ndio amemleta kwa nguvu. Miaka thelathini na kitu, ameolewa, kazi yake ni kuandika maneno ya video za watu wa Marekani, unasikiliza unachapa. Kule New York wako nyuma yetu kwa masaa saba au nane, inategemea miezi, kwa hivyo kazi ikija inakuja jioni yetu na anaifanya hadi saa nane usiku, laptopu kwa meza ya kula, stima ya sebuleni amezima ndio asimwamshe mzee wake. Skrini yake ni nyeusi yenye herufi nyeupe, ameambiwa hio ndio inapumzisha macho.

Malalamiko yalikuwa mengi na yote amechanganya kwa sentensi moja: macho yanachoma kama yameingia mchanga, kichwa kinauma kuanzia saa nne usiku, na vitu "vinabaki". Kubaki aje? Akifunga laptopu mistari ya herufi inaenda naye hadi kitandani. Akiwasha gesi, ile duara ya moto wa bluu akigeukia sufuria anaikuta imekaa juu ya ugali, ya manjano. Kanisani maneno ya projekta anayaona tena kwa dari. Usiku akiwa kwa matatu, na si unajua nganya zetu venye zimejazwa mataa, akishuka anaona mistari ya rangi inamfuata hadi geti, na taa za breki za gari za mbele zinaburuta mkia mwekundu. Kitu cha mwisho ndio kilimtisha: mwalimu wa kwaya akipunga mkono, mkono unaacha mikono mingine nyuma yake, kwa kitambo kidogo, kama feni.

Kabla ya kunifikia alikuwa ameshapitia wengi. Shangazi alisema ni damu kidogo, akakunywa bitiruti mwezi mzima. Mtu wa duka la dawa alimpa matone ya antibayotiki bila hata kumwangalia. (Bahati hayakuwa ya steroidi, hayo ukiyatumia ovyo yanaweza kupandisha presha ya jicho na hutajua hadi limeharibika.) Rafiki akamuuzia miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, ile ya kuuzwa barabarani. Na dadake, huyu huyu aliyemleta, alikuwa ameanza kusema mambo ya maombi, sababu ile duara inaonekana kubwa ikiwa kwa dari na ndogo ikiwa kwa kiganja, "inakua na kupungua kama kitu kiko hai."

Hio ya kukua na kupungua ndio ilinifanya nicheke kidogo, na nikawaeleza. Ukiangalia kitu chenye mwanga kwa sekunde kadhaa, zile sehemu za retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaoshika mwanga, zilizopigwa na mwanga zinachoka. Ukihamisha macho kwa ukuta mweupe, zilizochoka zinajibu kidogo na majirani zao wanajibu kama kawaida, kwa hivyo unaona lile umbo lakini rangi imegeuzwa, bluu inaacha manjano, nyekundu inaacha kijani cha kuelekea bluu. Alama iliyo kwa retina ni saizi moja, haibadiliki, ni ubongo ndio unaipimia kulingana na ukuta uko mbali kiasi gani, ukiwa mbali inaonekana kubwa. Mswisi mmoja wa macho, Emmert, aliiandika hio kanuni tangu 1881. Dadake akatulia. Mimi nikajiona nimemaliza kesi.

Nikampima. Anasoma mstari wa 6/6, yaani anaona mbali kama kawaida, kwa kila jicho. Ana astigmatizimu kidogo, yaani jicho halijaviringa sawa pande zote, namba yake nusu tu, kitu ambacho mtu wa shamba hangejua anacho lakini mtu wa skrini masaa nane atakisikia. Machozi yake yanakauka haraka, na nilipompa simu asome nikamhesabia kupepesa, alipepesa mara sita kwa dakika nzima. Mtu akiwa anapiga stori hupepesa kama mara kumi na tano hivi, akikazia skrini inashuka hadi tano au saba, na hapo ndio mchanga unatoka. Kila kitu kikaingia mahali pake vizuri sana. Nikamwandikia miwani yenye kupunguza mng'ao, elfu sita na mia tano, nikamwambia kila dakika 20 aangalie mbali kama mita sita kwa sekunde 20, nikampa machozi ya chupa, na ile miwani ya bluu nikamwambia aweke tu kwa droo. Mwaka wa 2023 Cochrane, wale watu wa kukusanya na kupima tafiti za matibabu, walikusanya tafiti 17 za hizo lenzi na hawakuona zikipunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Nikamuuliza kama anatumia dawa yoyote. Akaangalia dadake, akasema hapana. Nikaandika hapana.

Wiki tatu baadaye akarudi, hii mara peke yake, mvua imemnyeshea. Macho hayachomi tena, kichwa kimeisha, miwani iko poa. Lakini vitu bado vinabaki, na vimezidi.

Hapa ndio kisa kilipo, na ni kitu nilipaswa kukiona siku ya kwanza. Alikuwa na shida mbili na mimi nikazifanya moja. Uchovu wa macho unachoma, unaumisha kichwa, unafanya maandishi yawe na ukungu jioni, lakini haufanyi taa ikae machoni dakika nne. Skrini inaweza kukuonyesha hio shida zaidi, sababu ndio kitu unaangalia siku nzima na herufi nyeupe kwa nyeusi ni kama kujipigia muhuri, ila si lazima ndio imeileta. Dawa ya uchovu ikifanya kazi kwa uchovu na ile ingine isisonge hata kidogo, hio ni habari, usiipoteze kwa kumwambia mtu "endelea kupumzika."

Kwa hivyo nikafanya kitu cha kijinga lakini kizuri. Nilichukua kifuniko chekundu cha soda, nikakibandika kwa karatasi nyeupe, tukakikazia macho sisi wawili sekunde 20, alafu tukageukia ukuta na saa ya simu inahesabu. Yangu ilififia kabla ya nusu dakika, inakuja inaenda alafu imepotea. Yake ilipita dakika tatu. Tukarudia kwa jicho moja moja, kulia sawa na kushoto. Hio ya macho yote mawili kuwa sawa sawa ilinifanya niache kufikiria jicho lenyewe, sababu retina mbili haziharibiki kwa kipimo kimoja hivyo kirahisi, na nikaanza kufikiria mahali habari za macho yote zinakutana, yaani huko nyuma kwa ubongo, ama kitu kinachozunguka mwilini mzima.

Jina la hii hali ni palinopsia, Kigiriki, maana yake ni kama kuona tena. Na ziko aina mbili na ni muhimu mtu asizichanganye. Kuna ya kwanza kama yake, picha inategemea mwanga na mwendo, ukiwa kwa taa kali inazidi, kitu kikipita kinaacha mkia. Hii hutembea na kipandauso, na kugongwa kichwa, na dawa fulani. Na kuna ile ingine ambayo mtu anaona kitu cha saa moja iliyopita kimerudi kizima, na rangi zake na sura yake, kama paka aliyepita jikoni asubuhi sasa yuko kwa kiti. Hio ya pili si ya kuja kwangu kabisa, hio ni ya hospitali, sababu inaweza kuwa kifafa ama kitu kwa sehemu ya nyuma ya ubongo. Na hata kwa hii ya kwanza, kama ni jicho moja tu, kama kuna pazia linashuka, kama mmeto wa mwanga umeanza ghafla na vidoa vingi, kama upande mmoja wa mwili umelegea ama maneno yanakataa kutoka, usingoje Jumatatu.

Nikampeleka kwa daktari wa macho wa kweli, akafunguliwa mboni na matone, retina na mshipa wa macho viko safi, presha ya macho 14 na 15, ya kawaida, kipimo cha upana wa kuona kiko sawa. Alirudi na barua yenye kusema hakuna kitu. Nimeona watu wakilia na barua kama hio, juu ukiambiwa huna kitu na wewe unaona mikono sita kwa mwalimu wa kwaya unaanza kujishuku, na yeye alikuwa ameshasoma kwa simu usiku kwamba ni uvimbe kwa ubongo.

Lakini alikuwa na daftari. Mimi sikumwambia aandike, ni kazi yake tu imemzoesha kuandika masaa. Kwa mistari mitatu mitatu: siku, nini kilibaki, kwa muda gani. Tukakaa nayo. Ilianza Oktoba. Na haikuwa inapanda kidogo kidogo kama ningetarajia kwa mtu wa skrini, ilikuwa inapanda kwa hatua, mwezi una wiki yake mbaya, inashuka kidogo lakini haifiki chini, mwezi unaofuata inapanda juu zaidi. Jumapili na siku za kazi hazina tofauti. Wiki ambayo kazi ya Marekani ilikosekana kabisa, ilikuwa mbaya kuliko zote.

Nikauliza tena swali la dawa, lakini nikaligeuza, nikasema hata kama si ya ugonjwa, hata vitamini, hata ya kienyeji, hata ya kupanga uzazi.

Akakaa kimya. Alafu akasema, "kuna tembe ndio, lakini hizo si dawa, mimi si mgonjwa."

Klomifeni. Ya kutafuta mtoto. Miaka mitatu ya ndoa, mama mkwe kule shags kila Desemba anaangalia tumbo kabla ya kusalimia, na dadake aliyemleta ana watoto wanne kwa hivyo huyo ndiye mtu wa mwisho angetaka ajue. Mara ya kwanza aliandikiwa na daktari wa akina mama, tembe ya miligramu 50 kwa siku tano kuanzia siku fulani ya mwezi, arudi aonekane. Hakurudi, pesa na aibu vilikutana. Akawa anaenda na ile karatasi duka la dawa, na wanampa, na mwezi wa tatu rafiki akamwambia aongeze ziwe mbili kwa siku. Alikuwa mzunguko wa nne. Hatua za daftari na miezi ya tembe zililala moja juu ya ingine, hata hakukuwa na haja ya kubishana.

Ile karatasi ya ndani ya pakiti alikuwa ametupa. Tulitafuta maelezo ya hio dawa kwa simu yangu tukasoma pamoja pale kwa kaunta, na iko wazi kabisa: ukungu wa macho, vidoa, mmeto, picha zinazobaki muda mrefu, ukiona hayo unaacha na unamwona daktari, na uwe mwangalifu kuendesha gari hasa mahali mwanga unabadilika badilika. Pia imesema shida za macho huongezeka kadiri dawa inavyokuwa nyingi. Hii dawa hufanya kazi kwa kuziba mahali estrojeni, ile homoni ya kike, inashika kwa ubongo, ubongo unadhani estrojeni ni kidogo, unapiga kelele kwa mayai yaamke. Na haitoki mwilini haraka, mabaki yake yamewahi kupatikana hata wiki sita baadaye, ndio maana wiki za katikati hazikuwa zinamrudisha chini.

Aliniuliza swali moja tu. Zitaisha?

Hapa nataka kusema ukweli venye nilimjibu, juu najua wenzangu wengine wangemwambia usijali. Nilimwambia kwa wengi huisha kwa siku ama wiki chache baada ya kuacha. Na nikamwambia pia kwamba mwaka wa 1995 kuliandikwa kule Marekani visa vya wanawake watatu ambao waliacha na picha zikaendelea kubaki kwa miaka. Alinyamaza sana. Lakini angekaa wiki nane akingoja kitu nilimuahidi na kisije, hangerudi kwangu wala kwa mwingine. Nikamwandikia barua ya kumpelekea yule daktari wake wa akina mama, tembe zilizobaki aliziacha siku hio hio, na daktari alimbadilishia mpango, huo ni wake na mimi sihusiki.

Niseme hapa kando: si klomifeni pekee. Topiramate, ambayo watu wengi wanapewa ya kipandauso na kifafa, na trazodone ya huzuni na usingizi, pia zimeandikwa. Lakini usiache dawa ya kifafa kwa sababu umesoma mahali, unaweza kuanguka, mwambie aliyekuandikia. Na ukiwa kwa topiramate jicho liume ghafla na kuona kupotee, hio ni dharura ya siku hio, si ya kuja kwa miwani.

Sasa zile wiki za kungoja. Mtu bado anahitaji kufanya kazi na kupika na kupanda gari. Kitu cha kwanza tulibadilisha ni skrini: hakuna tena nyeupe kwa nyeusi, tukaweka herufi nyeusi nyeusi kwa kijivu hafifu, kubwa kidogo, na mwangaza ukashushwa hadi ukiweka karatasi kando ya laptopu zinafanana. Taa ndogo akaiweka nyuma ya laptopu ikiangalia ukuta, mzee wake alilalamika siku mbili akazoea. Simu gizani kitandani ikapigwa marufuku, hio ndio ilikuwa ngumu. Kwa matatu akawa anaacha nganya zipite, anangoja yale mabasi ya kizamani yenye taa moja imechoka, amekaa katikati si mbele, kofia yenye kingo, na saa ingine alingoja nusu saa nzima akiangalia wengine wakifika nyumbani. Aliuliza kama avae miwani nyeusi hata ndani ya nyumba, nikakataa, macho yanazoea giza alafu mwanga wa kawaida unakuwa adui. Nilimjaribisha lenzi za rangi ya waridi hafifu ambazo hutumiwa na watu wa kipandauso wasiopenda mwanga, akazipenda kwa kanisa tu, hazikufuta picha lakini projekta ikawa haimchomi.

Na nilimkataza kujipima. Alikuwa ameanza kukazia balbu kila saa ndio aone kama kumekuwa afadhali, anahesabu, anaandika, na daftari ile iliyotusaidia ikawa sasa ndio inamnyima usingizi. Tukakubaliana mara moja kwa wiki, Jumamosi, kwa kifuniko cha soda, basi. Zikija siku zingine ziache zipite kama kelele za wale wauza viatu wangu, ziko, lakini huendi kusimama karibu na spika.

Wiki ya pili hakuna kitu. Ya nne mikia ya mikono ilipotea kabla ya vitu vingine, hakukumbuka hata siku gani, aligundua tu kwaya imeisha na hakuwa ameona kitu. Gesi ikaanza kupungua. Wiki ya saba akalala vibaya siku tatu kwa kazi ya haraka na yote yakarudi karibu nusu, alinipigia simu analia, alafu yakashuka tena.

Kadi yangu ya wateja nimeibadilisha. Ile laini ya "dawa" ilikuwa na nafasi ya neno moja, sasa inachukua nusu ukurasa, na hio sehemu naijaza mtu akiwa peke yake, aliyemsindikiza naomba akae nje kwa benchi. Dadake mkubwa hajui hadi leo, anadhani ni bitiruti.

Alikuja mara ya mwisho wiki ya kumi. Nilimweka kwa mashine, nikawasha ule ufito wa mwanga, nikazima, tukangoja. Yeye ndiye alikuwa anahesabu, kwa sauti ya chini, macho kwa ukuta. Alifika arobaini na tatu akasimama.

"Imeenda?"

"Imeenda. Hapana, ngoja. Eh, imeenda."

Alafu akatoa ile miwani ya elfu sita na mia tano, mguu mmoja umelegea, akaniuliza kama naweza kukaza hio skrubu bure.

Nilikaza.